Valvu Nane za Gari la Fabien

Dzaleka, Malawi, Jumapili 16 Novemba 2008

Aristote amekuja leo baada ya ibada kuniambia kwamba gari limekufa. Halijafa. Nimelisikia likipanda kutoka barabara kuu mpaka lilipozimwa mbele ya mlango wangu. Linagonga, taka-taka-taka, kama cherehani iliyokaukiwa mafuta, na kwenye mwinuko linakosa nguvu. Lakini kufa ni jambo lingine. Mwezi wa tano nilimwona mtu akifa ndani ya chumba hiki hiki, tofauti naijua.

"Moteur imeisha, mama Raïssa," alisema. Hakutaka kukaa. "Iko mutu moja kule Area 23, Lilongwe, anaweza kuinunua kama chuma chakavu. Lakini ni gari yako. Mi siwezi kuuza bila we kukubali."

Gari yako. Alisema hivyo mara mbili.

Aristote ni mdogo wa marehemu mume wangu, Fabien. Tangu mazishi yeye ndiye anayeendesha ile pickup. Anapakia nyanya za akina mama wafanyabiashara kule Mitundu, anazileta Lilongwe na hapa kwenye kambi ya wakimbizi, na mimi ananipa anachojisikia kunipa. Nimemwomba aniache nifikiri. Akacheka kidogo, kwa pua.

19 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Nimeshona sare mbili za shule. Paa linavuja upande wa kitanda cha binti yangu Raïssa.

23 Novemba

Nimelala nikimfikiria Fabien, si akiwa mgonjwa, bali akiwa ameinamia injini. Kule kwetu Bukavu, Kongo, alikuwa dereva na fundi, na hapa kila mwaka kabla ya mvua alirekebisha valvu mwenyewe. Yeye aliziita supapu. Alinikalisha mbele ya gari na spana mkononi nizungushe injini polepole huku yeye akipima juu. Mlio ninaousikia sasa ndio ule ule aliokuwa akiuondoa kwa asubuhi moja. Tangu afe hakuna aliyefungua kile kifuniko.

Nimemwambia Aristote. Amesema, "Shemeji, kushona na mécanique si kitu kimoja."

Sanduku la vifaa liko chini ya kitanda. Nimelivuta nje. Panya wamekula kitambaa alichofungia spana, lakini spana zote zipo.

Jumamosi 29 Novemba

Tumefanya! Nimeungua vidole vitatu na sijali.

Aristote amekwenda mazishini Dowa kwa gari la watu wengine, letu likabaki. Spès, mke wake, alileta ufunguo bila mimi kumwomba mara ya pili. Ni Mrundi wa Kirundo, walionana hapa kambini na kuoana hapa hapa. Siku zote nilimwona mtoto-mtoto, mtu wa kucheka bila sababu. Leo nimemwona vingine.

Tuliwasha injini mpaka ikapata moto, kwa sababu hili gari linapimwa likiwa na moto. Ndivyo Fabien alivyofanya. Tukazima. Nikafungua kifuniko cha juu taratibu, maana gaskiti yake ni ya zamani na sina nyingine. Chini yake tukaona valvu zote nane zimejipanga, na juu yao mikono midogo ya chuma inayozisukuma, yote inang'aa mafuta.

"Eh, mama Raïssa," Spès akasema, "ni kama meno!"

Nikampa kazi iliyokuwa yangu. Tulikuwa tumetoa plagi ili injini izunguke laini. Alichuchumaa mbele, spana kwenye nati ya puli ya chini, akazungusha kidogo kidogo huku nikimwambia ongeza, ongeza, basi. Alama ya puli ikalingana na alama ya kwenye injini, na mikono ya silinda ya kwanza ikawa inachezacheza. Hapo ndipo mahali. Valvu zimefunga, unaweza kupima.

Fila ni mabamba membamba ya chuma, unayapitisha kati ya mkono na valvu. Jembamba kwa valvu za kuingiza, nene kidogo kwa zile za moshi, kwa sababu zile zinapata moto mkali na chuma chake kinarefuka. Unalegeza nati, unageuza skrubu kwa bisibisi, unavuta fila. Isiteleze ovyo, isikwame. Iwe kama uzi unaopita kwenye kikazio cha cherehani. Kisha unashikilia skrubu isigeuke huku ukikaza nati, halafu unapima tena, maana ukiikaza inavuta. Valvu mbili za moshi zilikuwa zimelegea kiasi kwamba fila nene zaidi ilipita bila kugusa kitu. Hicho ndicho Aristote alichokiita kufa.

Tukamaliza nusu, Spès akazungusha injini mzunguko mmoja mzima, tukafanya zilizobaki. Ile ya mwisho nilimwachia apime mwenyewe. Alifumba macho.

"Naisikia," akasema. "Inanishika kidogo tu."

"Njo hivyo hivyo," nikasema. "Ndivyo inavyotakiwa."

Tulipowasha, tulishikana mikono kama wasichana. Kile kishindo kimekwisha. Umebaki mlio mdogo, tik-tik-tik, ule wa siku zote. Raïssa alitoka nje kuangalia mama yake na mama yake mdogo wanarukaruka nini, wamejaa oili mpaka kwenye viwiko.

7 Desemba

Aristote amepanda mwinuko wa kambi na mzigo kamili bila kubadili gia. Kanisani amewaambia watu kwamba amepata fundi mzuri Lilongwe. Spès alikuwa ameketi nyuma yake. Aliinamisha kichwa, akacheka na kuniangalia. Nami nikacheka. Ilikuwa siri yetu, na nilifurahi kuwa na siri na mtu.

13 Desemba

Mvua. Mahindi ya jirani yamefika magotini.

20 Desemba

Leo nimemwambia Aristote kwamba, kwa kuwa gari limepona, tukubaliane vizuri jinsi ya kugawana kinachopatikana, au nitafute dereva mwingine. Nilisema kwa heshima. Nilikuwa nimemkaribisha chai.

"Dereva mwingine? Kwa gari gani?"

"Gari yangu, shemeji. We njo ulisema."

Aliweka kikombe chini. "Ile gari ni ya familia. Kaka yangu aliinunua. Hatuwezi kuacha mali ya familia kwa mwanamke ambaye kesho anaweza kuolewa na mutu mwingine."

Lilipokuwa gonjwa lilikuwa langu. Nimeliponya kwa mikono hii, sasa ni la familia.

25 Desemba

Noeli. Hakuna aliyekuja.

Jumapili 18 Januari 2009

Wametuita nyumbani kwa Pasta Étienne. Pasta ni wa Bukavu kama sisi, alimzika Fabien, na nilikuwa na imani naye. Walikuwepo wanaume watano wa kwetu, na mimi. Spès alikuwa anagawa chai.

Niliwaeleza yote: kwamba Aristote alitaka kuuza gari kama chuma, kwamba nililirekebisha mwenyewe. Mzee mmoja akauliza kama ni kweli mwanamke anaweza kufungua moteur. Wengine wakaguna. Nikasema, "Spès alikuwepo. Njo yeye alikuwa anazungusha." Wote wakamgeukia. Alikuwa na birika mkononi.

"Nilisaidia kidogo," alisema, na kurudi jikoni.

Kidogo. Nilimtetea moyoni. Nilijiambia hawezi kusema zaidi mbele ya mume wake na wazee.

Pasta alisali kwanza, kisha akasema gari liende kwa Aristote, kwa sababu yeye ni damu ya Fabien na ni mwanamume, na kwamba atamtazama Raïssa kama mtoto wake. "Tuepuke vita katika nyumba moja, mama Raïssa. Wewe ni mukristo." Aristote akasema amina kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nilirudi kwa miguu kwenye matope. Kiatu kimoja kilibaki humo. Sikurudi kukichukua.

22 Januari

Nimeshona siku nzima.

2 Februari

Raïssa ameuliza kwa nini gari halilali tena kwetu. Nimemwambia baba yake mdogo analihitaji. Akasema, "Na sisi?"

Jumamosi 14 Februari

Siku ya mwisho gari kuwa mikononi mwangu, na ni Aristote mwenyewe aliyelileta. Alikuja na uso laini.

"Shemeji, we unaijua hii gari. Uipime tena kabla tuanze msimu wa nyanya. Na ile tik-tik itoke. Mi nataka inyamaze kama gari za ONG, zile za mashirika. Bantu banacheka."

Nilimweleza taratibu, kama Fabien alivyonieleza mimi. Ile tik-tik ndiyo nafasi yenyewe. Ukiibana mpaka inyamaze, injini ikipata moto valvu haifungi tena sawasawa. Moto unapenya pembeni, unaila. Hutasikia kitu chochote, mpaka siku itakapokufia njiani.

"Fanya tu," alisema, akaenda kunywa chai kwa jirani.

Spès alibaki. Akachuchumaa mahali pake, akashika spana bila kuambiwa. Mawingu yalikuwa yanakuja, ilibidi tuwahi.

Nitaandika hapa kwa sababu sina mtu wa kumwambia. Nilipofika kwenye valvu ya moshi ya silinda ya tatu, bisibisi ilikuwa tayari mkononi, nati imelegea. Ilibaki kuigeuza skrubu kidogo tu, upana wa ukucha. Gari lingenyamaza kama alivyotaka. Angefurahi, angenisifu, na baada ya wiki chache lingemfia barabarani, na hakuna mtu ambaye angejua. Niliigeuza. Nilisikia fila imekwama. Nilikaa hivyo, mafuta ya moto yananidondokea kwenye kifundo cha mkono.

"Mama Raïssa?" Spès akauliza kutoka chini. "Nizungushe?"

"Ngoja," nikasema. Nikairudisha mahali pake. Nikapima, nikakaza, nikapima tena. Kisha nikamwita aje apime mwenyewe zote nane, moja moja, ili ajue. Sijui kwa nini nilitaka ajue. Labda nilitaka mtu mmoja duniani awe shahidi kwamba nililitoa gari la Fabien likiwa zima.

"Ziko vizuri," alisema. "Zote."

Aristote alirudi, akawasha, akakunja uso. "Bado inalia."

"Itabaki hivyo," nikamwambia. Nikampa ufunguo.

17 Februari

Mvua. Sijui gari liko wapi na nimejikataza kuuliza.

Jumamosi 28 Februari

Gari limezimika jana kwenye barabara ya Lilongwe, limejaa nyanya za Bukeyeneza. Huyu ni mama wa Kirundi anayeishi safu ya nyuma yetu, mjane kama mimi. Kila alichokuwa nacho kilikuwa kwenye yale makreti. Walikaa kwenye mvua mpaka leo asubuhi. Nyanya zimeoza, zilizobaki zimepondeka. Fundi wa njiani aliwaambia valvu ya moshi imeungua, imeliwa ukingo mzima.

Imeungua. Mimi niliiacha ikiwa na nafasi yake.

1 Machi

Aristote amesema kanisani, mbele ya wote, "Mke wa kaka yangu njo alishika zile supapu mara ya mwisho. Alikasirika juu ya gari, alizifinya makusudi."

Bukeyeneza alikuja hadi mlangoni kwangu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeweza kumjibu. Alisema tu, "Nilikukosea nini mimi?" Nilimwapia. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu mwongo, akaondoka.

5 Machi

Mama wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Hawakusema sababu.

6 Machi

Mwingine.

Jumatatu 9 Machi

Nimekwenda Kawale, Lilongwe. Nilikumbuka Aristote ana fundi pale karibu na soko, Mmalawi, anayefanya kazi chini ya turubai. Nilimkuta. Nikamsalimia, nikamweleza gari, akalikumbuka mara moja.

"Ndiyo, amayi. Yule bwana alitaka liwe kimya," alisema, akiniita mama kwa lugha yake. "Nilimwambia valvu ziko sawa, aliyezipima anajua kazi. Akasema yeye ndiye mwenye gari, nibane. Nikabana. Mteja akisema, mimi nafanya." Akafuta mikono. "Hata mke wake alimwambia. Alikuwa amekaa mbele. Alisema, 'Acha, mama Raïssa alisema itaungua.' Yule bwana akamwambia anyamaze."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nikamwomba aje Dzaleka siku moja tu, aseme hayo mbele ya Pasta. Akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Akasema hawezi kufunga kazi kwa ajili ya kikao cha wakimbizi, na kwamba haya ni mambo ya ndugu kwa ndugu. "Zikomo, nashukuru, amayi, lakini hapana. Si mke wake anajua? Mwulizeni yeye."

Nilirudi mwepesi. Njia nzima nilikuwa narudia maneno ya Spès: acha, mama Raïssa alisema itaungua. Alinitetea hata nikiwa sipo. Nilinunua mandazi ya Raïssa kwa furaha.

Jumapili 15 Machi

Kikao. Watu walikuwa wengi kuliko mara ile, Bukeyeneza amekaa mbele. Nilisema kila kitu: nafasi niliyoacha, safari ya Kawale, maneno ya fundi. Aristote akasema fundi huyo hamjui, hajawahi kwenda kwake. Nikasema, "Spès alikuwa naye. Na alipima valvu zote kwa mkono wake siku nilipotoa gari. Mwulizeni."

Pasta Étienne akamgeukia. "Mama, we unasemaje? Mulienda Kawale?"

Spès alisimama. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya tumbo, na hapo ndipo nilipoona kwamba ana mimba. Aliangalia mkeka.

"Sikumbuki, Pasta."

"Na siku ile ya kupima?"

"Mi nilikuwa nazungusha tu. Sijue mambo ya supapu."

Akakaa. Nilimwangalia sana, asiinue uso hata mara moja. Kama angenyamaza tu nilipohitaji neno lake moja, ningeelewa. Sawa, watu hunyamaza. Lakini huyu alisema. Alifungua mdomo akasema hajui, na vidole vyake vinajua.

Wameamua niombe msamaha kwa Bukeyeneza mbele ya kanisa, la sivyo nisimame nje ya meza ya Bwana. Nimekataa. Nimetoka nje kabla ya sala ya mwisho. Kama ningejua, siku ile ningezibana zote nane.

20 Machi

Hakuna kazi.

24 Machi

Hakuna kazi. Raïssa amefukuzwa kwenye mchezo wa wasichana. Wamemwambia mama yake ni mlozi wa magari. Alinieleza kama kitu cha kuchekesha, kisha akalia.

27 Machi

Unga umeisha. Jirani ametupa nsima, ugali wa hapa, na alipotupa hakuingia ndani.

Jumapili 29 Machi

Nimeomba msamaha. Nilisimama mbele, nikasema nimemkosea dada yangu Bukeyeneza. Alinikumbatia akilia kwa kweli, na mimi nilikuwa nimemkumbatia mtu ninayemdanganya, kwa kosa ambalo sikulifanya, ili mtoto wangu ale. Pasta alisema shetani ameshindwa. Aristote alipiga makofi. Ile pickup imesimama kando ya nyumba yake, haina kichwa cha injini. Anasema mwaka huu hana uwezo wa kuitengeneza.

31 Machi

Vitambaa vimeanza kurudi. Kwaya ya akina mama imenipa sare zote za Pasaka. Sasa wananisalimia kwa sauti ya kumsalimia mtu aliyepona ugonjwa.

Jumamosi 4 Aprili

Akina mama wa kwaya wamekuja kupimwa. Wa mwisho alikuwa Spès. Alingoja wenzake wote waondoke, akaingia, akasimama katikati ya chumba na mikono yake imening'inia.

Nilichukua futi. Nikampima mabega. Nikampima kifua. Ngozi yake ilikuwa ya moto na pumzi yake fupi.

"Mama Raïssa," alisema. "Mi nilijua. Nilikumbuka yote."

Niliandika kipimo cha kifua.

"Aristote alisema nikisema, nirudi Burundi peke yangu. Mi naenda wapi na hii tumbo? Kwetu hakuna mutu. Bote balikufa."

Ni kweli. Najua kwao hakuna mtu. Najua pia kwamba kama angekuja usiku ule ule wa kikao, akasema maneno haya haya gizani, labda ningelia naye. Alikuja baada ya mimi kuomba msamaha mbele ya kanisa kwa sababu yake.

"Nyoosha mkono," nikamwambia.

Akanyoosha. Nikapima kutoka begani hadi kwenye kifundo, nikaandika. Machozi yake yalidondoka kwenye futi. Nikaifuta kwa kanga, kwa sababu ni ya kitambaa na ikilowa inajivuta.

"Unanisamehe?"

"Sare itakuwa tayari Alhamisi."

Alisimama mlangoni kidogo, anasubiri niongeze neno. Nje mvua za mwisho zilikuwa zinanyesha, nyembamba, za kumalizia. Kisha akavuta kitenge kichwani na kwenda. Sikumwita.